Mto Umefukiwa, Wabaya Hawajafika: Kisa cha Upanuzi wa Magic Kingdom

Tarehe 6 Julai 2025 boti ya mvuke iitwayo Liberty Belle ilizunguka kisiwa chake kwa mara ya mwisho ndani ya Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney iliyo jirani na jiji la Orlando, Florida. Foleni ya kuipanda siku hiyo ilikuwa ndefu, jambo la ajabu kwa boti iliyozoea kuondoka ikiwa na nafasi tele. Kesho yake boti, kisiwa cha Tom Sawyer na mto wenyewe, ulioitwa Rivers of America, vikafungwa moja kwa moja. Maji yakatolewa, magari ya udongo yakaingia.

Mahali pa mto panajengwa eneo la magari yanayozungumza ya filamu za Cars. Nyuma yake ndipo palipopangiwa eneo ambalo mashabiki wamelidai kwa muda mrefu kuliko jingine lolote: eneo la wabaya wa filamu za Disney, akina Maleficent, Ursula, Jafar na wenzao, ambao kwa lugha ya vibanda vyetu vya video wangeitwa maadui wa stelingi.

Mashabiki kugombana na kampuni si habari. Kilichonivuta hapa ni kwamba wanaoshangilia na wanaonung'unika si kambi mbili. Mara nyingi ni mtu yuleyule: amevaa fulana ya Maleficent, na bado anaulilia mto. Ukimsikiliza vizuri unagundua kwamba shaka yake haitokani na kupenda mambo ya kale tu. Inatokana na mpangilio wa malipo. Alichokipenda kilichukuliwa kwa tarehe iliyotangazwa mapema. Anachokitaka, siku mto ulipofungwa, hakikuwa na hata mwaka wa kufunguliwa.

Ahadi ilivyokua

Jambo hili lilianza kuzungumzwa hadharani Septemba 2022, kwenye D23, kongamano la mashabiki ambalo Disney huliandaa California. Josh D'Amaro, aliyekuwa akiongoza kitengo cha bustani na hoteli, alionesha michoro ya vitu vinavyoweza kujengwa ng'ambo ya Big Thunder, yaani nyuma ya ule mlima wa bandia wenye treni ya kasi uliofunguliwa mwaka 1980. Palikuwa na filamu ya Coco, palikuwa na ya Encanto, palikuwa na dokezo la wabaya. Ukumbi ulishangilia. Lakini alisema wazi kwamba hayo ni mawazo tu, hakuna lililoidhinishwa. Waliosafiri kwenda kusikia tarehe wakarudi na michoro.

Mwaka uliofuata, Septemba 2023, Disney ikatangaza kwamba itatumia takriban dola bilioni 60 katika miaka kumi kwa bustani zake na meli zake za utalii duniani kote, karibu mara mbili ya ilivyotumia katika muongo uliotangulia. Hapo tetesi zikaanza kuvaa viatu. Kisha ikaja tarehe 10 Agosti 2024, D23 nyingine, ndani ya ukumbi wa Honda Center mjini Anaheim. D'Amaro alirudi na lugha tofauti kabisa: kila kitakachooneshwa usiku huo, alisisitiza, kimeshachorwa na kazi inaendelea. Eneo la wabaya litajengwa, likiwa na michezo mikubwa miwili, migahawa na maduka. Eneo la Cars nalo litajengwa, ndani ya mtaa wa bustani uitwao Frontierland, na lenyewe litakuwa na michezo miwili.

Shangwe za usiku ule zilihusu vitakavyokuja. Siku chache baadaye ndipo ikathibitishwa kwamba Cars itakaa juu ya mto na kisiwa. Nadhani hapa Disney ilijiharibia yenyewe. Habari njema ilipewa jukwaa, taa na muziki, habari mbaya ikapitishiwa mlango wa uani. Mtu aliyekuwa akishangilia Jumamosi akajiona ametapeliwa kabla wiki haijaisha, na tangu hapo kila tamko la kampuni limesomwa kwa jicho la pembeni. Kuna mashabiki waliojifunza kusoma maombi ya vibali yanayopelekwa kwenye mamlaka ya maji ya Florida ya kusini, kwa sababu ramani za wahandisi hazina muziki wa nyuma.

Ardhi tele, kwa nini mto?

Swali hili ndilo lililorudiwa kuliko yote, na ni swali la haki. Disney inamiliki ekari zipatazo 25,000 katika Florida. Walt Disney aliinunua ardhi hiyo katikati ya miaka ya 1960 kimyakimya, akijificha nyuma ya majina ya kampuni nyingine, kwa sababu Disneyland ya California ilikuwa imezingirwa na moteli za watu muda mfupi baada ya kufunguliwa mwaka 1955. Nafasi ndiyo iliyokuwa hoja nzima ya kwenda Florida. Iweje basi mwenye ekari zote hizo akose pa kuweka magari ya bandia mpaka afukie maji?

Sehemu ya jibu ni kwamba ardhi nyingi ile ni kinamasi, na sehemu kubwa imetengwa kuwa hifadhi. Lakini jibu la msingi ni la njia za watu. Mto ulikuwa umeizuia bustani upande ule wote. Chochote kitakachojengwa nyuma yake kingefikiwa kwa kuuzunguka, na umati wa Magic Kingdom si wa kupitishwa kichochoroni. Hii ndiyo bustani ya burudani inayotembelewa kuliko zote duniani. Mwaka 2023 pekee ilipokea ziara zaidi ya milioni 17. Ukiuondoa mto unapata uwanja mkubwa ulio tayari ndani ya uzio, na mlango mpana wa kwenda kule nyuma.

Mashabiki wana jibu la jibu hilo, nalo ni California. Januari 2016 Disneyland ilifunga mto wake ili kupata nafasi ya Galaxy's Edge, eneo la Star Wars. Haikuufukia wote. Iliukata kipande cha nyuma, ikahamisha reli, ikajenga majabali na maporomoko mapya ya maji, na Julai 2017 boti zikarudi. Mto uliobaki ni mfupi, na wapo wengi wanaoona unapendeza kuliko wa zamani. Kama bustani iliyobanwa na barabara za jiji iliweza kubaki na mto, ya Florida ilishindwa na nini?

Sidhani kama ilishindwa. Iliamua. Kisiwa cha Tom Sawyer, kilichofunguliwa mwaka 1973, kilifikiwa kwa rafu na kilifungwa jua likikaribia kuzama. Wapo waliokwenda Magic Kingdom kila mwaka na hawakuwahi kuvuka. Boti iliwachukua mamia, lakini polepole. Mbele ya mhasibu, hizo ni ekari za katikati kabisa ya bustani zikihudumia wachache.

Hapo ndipo hesabu inapokosea. Mto ulikuwa baraza ya nyumba ile. Hakuna anayeitaja baraza anapohesabu vyumba, lakini ibomoe uone wageni wote watakavyorundikana sebuleni. Mchana wa Florida mwezi wa saba ni joto la kumtoa mtu roho, na kisiwani palikuwa na miti mikubwa, viti vya kubembea, mapango ya kujifichia, ngome ya mbao na daraja la mapipa linaloyumba. Watoto walikimbia bila kupimwa kimo. Mzazi alikaa bila kufungua simu kutafuta nafasi ya kuweka miadi. Hakikuwa na njia ya mkato ya kulipia, katika bustani ambayo Oktoba 2024 ilianza kuuza pasi ya kuruka foleni kwa bei iliyoweza wakati huo kufika dola 449 kwa mtu mmoja kwa siku, mbali na tiketi ya kuingilia. Wanaosema hakuna aliyekwenda kisiwani wanasema karibu na ukweli, ila hawaelezi kwamba uchache huo wa watu ndio uliokuwa huduma yenyewe.

Tena maji yale yalitazamwa hata na wasioyapanda. Ile nyumba ya mizimu, Haunted Mansion, imejengwa kwa sura ya majumba ya bonde la mto Hudson huko New York. Ilisimama juu ya maji kama inavyotakiwa. Sasa itasimama juu ya nini? Wasanifu wanasema patapandwa miti mingi ya kutenganisha maeneo na kuzuia sauti. Naamini miti itapandwa. Miti ya Florida haikui kwa msimu mmoja, hilo nalo lisemwe.

Magari yenyewe hayanisumbui sana. Eneo limepewa jina la Piston Peak, hifadhi ya kubuni iliyotokea katika filamu ya Planes: Fire & Rescue ya mwaka 2014. Halitakuwa jangwa jekundu kama Cars Land ya California, iliyofunguliwa mwaka 2012. Litakuwa la milima, misonobari na chemchemi za maji moto, na mchezo mkuu utakuwa mbio za magari porini. Wakosoaji wanauliza gari la injini linatafuta nini Frontierland, mtaa uliojengwa kuonesha Marekani ya karne ya 19. Disney inajibu kwamba roho ya mtaa ule ni kwenda kuigundua nchi. Jibu limevutwa kidogo, lakini Frontierland imekuwa ikibadilika kwa muda: Splash Mountain ilifungwa Januari 2023 na mwaka mmoja na nusu baadaye ikawa safari ya Tiana, binti wa New Orleans ya miaka ya 1920. Na watoto wadogo watapata cha kupanda upande ambao zamani walikuwa na vichache. Kama bei ya eneo la wabaya ingekuwa kuvumilia magari tu, shabiki angelipa na kukaa kimya.

Daftari la madeni

Anayetaka kuelewa shaka hii asome historia ya bustani ileile. Magic Kingdom ilipofunguliwa Oktoba 1971 ilikuwa na ziwa la nyambizi za kapteni Nemo. Mwaka 1994 nyambizi zilifungwa. Ziwa likakaa takriban miaka kumi bila kazi kabla ya kukaushwa, na eneo jipya lililochukua nafasi yake, New Fantasyland, likafunguliwa rasmi Desemba 2012. Mtoto aliyepanda nyambizi siku za mwisho alirudi akiwa mzazi.

Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba patajengwa ukumbi mkubwa wa maonesho karibu na mtaa wa kuingilia. Haukujengwa, na hakuna aliyesimama jukwaani kusema umefutwa. Mwaka huohuo ilitangazwa Tron, rola-kosta (treni ya kasi) ambayo tayari ilikuwepo Shanghai, kwa hiyo hata ubunifu ulikuwa umekamilika. Ilifunguliwa Aprili 2023. Kwa ajili ya ujenzi huo treni inayoizunguka bustani ilisimama kuanzia Desemba 2018 hadi Desemba 2022. Mwaka 2019 bustani jirani ya Disney, Epcot, iliahidiwa mchezo wa Mary Poppins. Janga la korona likaja, ahadi ikawekwa kabatini na imebaki humo. Galaxy's Edge yenyewe ilijengwa, tena kwa ufundi mkubwa, lakini yale mazungumzo ya awali kuhusu waigizaji wengi mitaani na wenyeji watakaokumbuka ulichofanya mchezoni yalipunguzwa sana kufikia siku ya kufungua.

Kwa hiyo shabiki hasemi Disney hawajui kujenga. Anasema orodha ya jukwaani na orodha ya saruji hazijawahi kuwa moja, na kinachokatwa mara nyingi ni kile kilichopangwa mwisho. Safari hii kilichopangwa mwisho ni wabaya.

Hata hivyo daftari hilohilo lina ukurasa ambao wanaokata tamaa huuruka. New Fantasyland ilipotangazwa mwaka 2009 ilikuwa imejaa vyumba vya kukutana na mabinti wa kifalme. Mashabiki wakalalamika kwamba hapakuwa na cha kutosha kwa wavulana wala kwa wapenda kasi. Januari 2011 mpango ukabadilishwa, na pakaingizwa treni ya mgodi ya vibeti saba, iliyofunguliwa Mei 2014 na ambayo hadi leo foleni yake ni miongoni mwa ndefu kuliko zote mle ndani. Kelele zilisaidia, kwa sababu zilipigwa saruji ikiwa haijamwagwa.

Kwa nini naamini watajenga

Kwanza kuna karatasi. Baada ya ugomvi mrefu na gavana wa Florida, Ron DeSantis, kuhusu nani aitawale wilaya maalumu iliyo chini ya bustani zile, pande mbili zilipatana mwaka 2024. Juni mwaka huo ukatiwa saini mkataba wa maendeleo wa miaka 15, ambao unazungumzia uwekezaji wa Disney wa hadi dola bilioni 17 katika eneo hilo, huku kiwango cha chini kikiwa dola bilioni 8 katika miaka kumi ya mwanzo. Fedha hizo si za Magic Kingdom peke yake, lakini si rahisi kuzitumia bila kuigusa bustani yenye watu wengi kuliko zote.

Pili kuna jirani. Tarehe 22 Mei 2025 kampuni ya Universal ilifungua Epic Universe, bustani mpya nzima, hukohuko Orlando. Moja ya maeneo yake ni Dark Universe, kijiji cha Frankenstein, Dracula na mazimwi wengine wa filamu za zamani. Yaani wakati Disney inapasha moto wazo la eneo la giza, mshindani ameshapakua na wageni wanakula.

Tatu, na hili kwangu ndilo zito, wabaya tayari wanaingiza pesa. Kila msimu wa Halloween Magic Kingdom huuza tiketi ya pekee ya usiku, na mojawapo ya vivutio vikubwa ni kuwaona wabaya ambao siku za kawaida hawaonekani. Watu husimama muda mrefu kwa ajili ya picha moja na mhusika ambaye katika filamu aliishia kuanguka kutoka jabalini. Soko halina haja ya kutafutwa. Lipo, limepanga foleni, limelipa mara mbili.

Watatisha, au watachekesha?

Hapa ndipo shaka yangu mwenyewe ilipo, na naona mashabiki hawajaipa uzito unaostahili kwa sababu wamezama kwenye tarehe.

Uwezo wa kujenga mahali penye roho wanao. Msomaji wa pwani yetu ana ushahidi wake: Harambe, kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki ndani ya bustani ya Disney ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, kiliigwa kwa sehemu kubwa kutoka Lamu. Kuta zimebabuka lipu kwa makusudi, na kuna alama inayosema kijiji kilipata uhuru mwaka 1961, mwaka wa Tanganyika. Mtu anaweza kucheka, anaweza kukasirika kidogo kwamba mji wa watu umegeuzwa njia ya kwenda kwenye safari ya kuona twiga, lakini hawezi kusema imefanywa kwa uvivu. Wasanifu walikwenda, wakatazama, wakapewa muda.

Lakini kuwapa wabaya nyumba nzuri ni jambo moja, kuwaachia wawe wabaya ni jingine. Mei 2025 Disney ilifungua katika bustani ya Hollywood Studios onesho la jukwaani ambamo Cruella de Vil, Captain Hook na Maleficent wanashindana mbele ya kioo cha uchawi nani ameonewa zaidi katika hadithi yake. Watazamaji wanazomea, wanashangilia, wanacheka. Ni burudani safi. Ila mbaya anayelalamika kwamba kaonewa ameshatolewa meno, na eneo zima la namna hiyo litakuwa duka la fulana lenye mnara mweusi.

Magic Kingdom iliwahi kujaribu kutisha mara mbili. Mwaka 1995 ilifungua Alien Encounter, ambapo watu walifungwa kwenye viti gizani huku kiumbe kikiwapumulia shingoni. Wazazi walilalamika kwa miaka. Oktoba 2003 ukafungwa, na nafasi yake ikachukuliwa na Stitch, kiumbe wa katuni wa Disney. Kabla ya huo, tangu siku ya kwanza mwaka 1971, kulikuwa na safari ya Snow White ambayo abiria ndiye aliyechukua nafasi ya Snow White mwenyewe, kwa hiyo binti hakuonekana popote, ila mchawi akimtokea mtu kila kona. Watoto walitoka wakilia. Mwaka 1994 ikatengenezwa upya, binti akaingizwa, mambo yakalainishwa. Mwaka 2012 ikafungwa.

Kwa hiyo kampuni ina kumbukumbu za barua za wazazi, na kumbukumbu hizo zitakaa kwenye meza ya kila kikao cha eneo la wabaya. Michezo miwili inatosha kugawana kazi. Mmoja uwe wa familia nzima, Hook na mamba wake, vicheko kwa wingi. Mwingine uwe na giza la kweli, wenye sharti la kimo na onyo la wazi mlangoni, na pale mwishoni asitokee stelingi yeyote kumwokoa abiria. Wazazi wataandika barua, kama walivyoandika zamani. Waandike.